Daraja la juu, zebra, tuta la kuvukia au mataa: mtaa wenu uombe kipi?

Mwaka juzi mtoto wa jirani yangu, darasa la tano, aligongwa na pikipiki akiwa katikati ya zebra. Alivuka sawasawa kama alivyofundishwa. Daladala lilisimama kumpisha, na pikipiki ikachomoka ubavuni mwa daladala lile lile. Alivunjika mguu, akapona, na sasa anacheza mpira kama zamani. Wiki ile mkutano wa mtaa ulijaa hadi watu wakasimama nje. Mmoja alitaka daraja, mwingine matuta, mwingine mataa, mwingine trafiki asimame pale asubuhi na jioni. Tukatoka na barua inayoomba vyote vinne. Barua ya namna hiyo haijibiwi, kwa sababu anayeisoma hajui aanzie wapi.

Tangu hapo nimekuwa nikipita barabara za Dar es Salaam na kamba na saa ya simu, nahesabu watu, napima kwa hatua, nauliza mafundi. Ninayoyaweka hapa ni kwa ajili ya kamati ya mtaa, kamati ya shule au mzazi yeyote anayetaka kuandika barua ya pili iliyo bora kuliko ile yetu ya kwanza.

Pimeni mwendo kwanza

Watu hukimbilia kuhesabu magari. Hesabuni, lakini kinachoamua mchague nini ni kasi. Kuipima si kazi ngumu. Pimeni mita 50 kando ya barabara kwa kamba, mmoja asimame mwanzo, mwingine mwisho, na mshike saa. Gari linalomaliza mita hizo kwa sekunde 6 linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 3.6, ni kilomita 50. Likitumia sekunde 3, ni kilomita 60. Pimeni magari hamsini, si matano, na msipime wakati wa foleni, maana foleni hudanganya: saa moja asubuhi barabara inaonekana pole, saa nane mchana ndipo watoto wa awali wanaporudi na magari yanaruka.

Kwa nini nasisitiza hivi? Chukulia dereva aliye macho, breki nzima, lami kavu, na sekunde moja tu kati ya kumwona mtoto na kukanyaga breki. Akiwa kwenye kilomita 30, anasimama ndani ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye 50, anahitaji mita 28. Akiwa kwenye 60, zinapita 35. Sasa mtoto amechomoka nyuma ya daladala, mita 15 mbele ya gari. Dereva wa kwanza anasimama na kufoka. Wa pili ndiyo kwanza breki inaanza kushika. Wa tatu amemgonga kabla mguu haujafika kwenye breki. Hakuna kati yao aliye mtu mbaya kuliko mwenzake. Tofauti yao ni mwendo tu, na mwendo huo barabara yenyewe ndiyo iliyowaruhusu.

Mkutano wa kimataifa wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm, Februari 2020, ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na watu wa miguu na wa baiskeli. Kibao cha 50 tunachokiona tukiingia kwenye makazi ni mwendo wa halali, lakini mbele ya lango la shule bado ni mkali mno.

Zebra tupu na tuta la kuvukia

Hivi viwili ndivyo vinavyoshindana kwenye barabara nyingi za mitaa, na ndivyo nilivyovitazama kwa muda mrefu zaidi.

Zebra tupu ni rangi. Faida yake ni kwamba inachorwa kwa siku moja na gharama yake ni ndogo. Inampa mtembea kwa miguu haki yake kisheria, na dereva akimgonga pale ana kazi kubwa ya kujitetea. Lakini rangi haipunguzi mwendo wa gari hata kidogo. Dereva aliyezoea kusimama atasimama. Asiyezoea hatasimama, na mtoto hana njia ya kumtambua yupi ni yupi. Baada ya mvua za masika mbili tatu na mchanga unaoburutwa na matairi, michirizi inafifia, akibaki mzee mmoja anayekumbuka kwamba hapa palikuwa na zebra.

Ubaya wake mkubwa unaonekana pale barabara inapokuwa na njia mbili au zaidi kila upande. Hapo ndipo alipogongwa yule mtoto. Gari la kwanza linasimama kwa wema, na kwa kusimama kwake linamficha anayevuka asionekane na anayekuja njia ya pili. Yaani wema wa dereva mmoja unageuka mtego. Kwa hiyo kwenye barabara ya njia nne, zebra tupu msiiombe. Nasema hivyo bila kusita. Inawapa watoto imani ambayo barabara haiwezi kuilipa.

Tuta la kuvukia ni kitu kingine. Wengi wakisikia neno tuta wanafikiria lile la mviringo linalogonga bodi ya gari. Hili lina mgongo bapa, upana wa mita tatu au nne, kimo cha sentimita kumi hivi, na zebra imechorwa juu yake. Likijengwa vizuri, mgongo wake unalingana na njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili. Mwenye kiti cha magurudumu hashuki wala hapandi. Mama mwenye beseni la samaki kichwani hatafuti pa kukanyaga. Gari ndilo linalopanda kwa mtu. Dereva anapunguza mwendo hata kama hapendi watoto, hata kama anaongea na simu, hata kama ni saa tano usiku na hakuna trafiki.

Lina matatizo yake, na fundi mzuri atawaambia. La kwanza ni maji. Tuta linakatiza mkondo wa maji ya mvua; bila bomba la kuyapitisha chini au mfereji pembeni, upande wa juu unakuwa dimbwi na watu wanavukia penginepo. La pili ni usiku: tuta lisilo na rangi inayong'aa, kibao na taa linawaangusha waendesha pikipiki. La tatu ni upenyo. Mkiacha nafasi kati ya tuta na mtaro, bodaboda zote zitapita hapo, yaani zitapita kwenye miguu ya watembea kwa miguu. Zibeni kwa nguzo fupi au kingo za zege.

Halafu kuna rasta, vile vituta vidogo vidogo vinavyotetemesha gari. Rasta zinamwamsha dereva, hazimpunguzi. Ziwekwe kabla ya tuta, zisiwe badala yake. Na yale matuta ya kienyeji, ambayo vijana hujenga usiku kwa udongo na mawe baada ya ajali, nayaelewa kwa moyo wangu wote, lakini ni makali, hayana alama, na yanaweza kumuua wa pikipiki siku ile ile yanapomwokoa wa miguu.

Basi, kwa barabara ya njia mbili (moja kwenda, moja kurudi) ambayo magari yake yanapita kilomita 40 na zaidi, tuta la kuvukia linaishinda zebra tupu kwa mbali. Kwa uchochoro wa lami ambao magari yenyewe yanatambaa, zebra inatosha, na hela iliyobaki ikajenge njia ya miguu.

Kisiwa cha katikati

Hiki watu hawakiombi kwa sababu hawakijui kwa jina, ingawa wamesimama juu yake mara nyingi. Ni kile kipande cha zege katikati ya barabara kinachokuruhusu kuvuka nusu, ukapumua, kisha ukavuka nusu nyingine.

Fanyeni hesabu. Barabara ya njia nne ina upana wa mita 14 hivi. Mtu mzima mwenye afya huivuka kwa sekunde 12, mzee au mtoto kwa 16 na zaidi. Katika sekunde 12, gari la kilomita 50 kwa saa linakuwa limesafiri mita zipatazo 165. Kwa hiyo unahitaji kuona barabara tupu ya mita 165 pande zote mbili kwa wakati mmoja. Pale kwetu hali hiyo haitokei kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku. Weka kisiwa: sasa unavuka mita 7, unahitaji sekunde 6, na unaangalia upande mmoja tu. Pengo la mita 85 linatosha, na mapengo ya namna hiyo yapo.

Kisiwa kiwe na upana wa angalau mita 2, ili mtu mwenye baiskeli au toroli la mtoto asiache gurudumu barabarani. Nimeona visiwa vya upana wa nusu mita. Hivyo ni kingo tu; mtu husimama pale kama ndege kwenye waya.

Kisiwa na tuta la kuvukia vikienda pamoja, hapo ndipo penye thamani kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Daraja la juu

Hapa ndipo mkutano wetu ulipogawanyika, na ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa upande wa daraja. Daraja linaonekana ni heshima: chuma, picha ya uzinduzi, watu juu, magari chini, hawakutani kamwe. Nani asitake?

Kisha nikahesabu ngazi. Daraja linalopita juu ya barabara kuu lazima liache nafasi ya malori, karibu mita tano na nusu, na sakafu yake yenyewe inaongeza unene. Tuseme unapanda mita 6. Ngazi moja ina kimo cha sentimita 15, kwa hiyo ni ngazi 40 kupanda na 40 kushuka. Kwa kijana si kitu. Shangazi yangu anauza vitumbua upande wa pili wa barabara, ana magoti yaliyochoka na ndoo ya unga mkononi; kwake ni ngazi 160 kwa siku kwenda na kurudi. Njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, ikiwa na mwinuko unaofaa wa mita 1 kwa kila 12, inahitaji mita 72 kila upande. Barabara yenye upana wa mita 20 inakuwa safari ya zaidi ya mita 160. Na kama hakuna njia ya mteremko, kama yalivyo madaraja mengi, basi tumemwambia mlemavu kwamba ng'ambo si kwake.

Ndiyo maana watu wanavuka chini ya madaraja. Barabara ya Thika kule Nairobi, iliyokamilika 2012 na yenye hadi njia nane, ina madaraja ya waenda kwa miguu, na bado watu wameonekana mara nyingi wakikatiza chini huku daraja likiwa mbele ya macho yao. Huwa tunasema ni ukaidi, ni ushamba. Mimi naona ni watu wanaopima njia mbili kwa akili zao timamu: moja ya sekunde 15, nyingine ya dakika nne na giza. Daraja lisilo na taa usiku, mwanamke anayetoka kazini halipandi, na hakuna wa kumlaumu.

Hata hivyo daraja lina mahali pake. Morogoro Road kuanzia Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa njia nane kwa urefu wa kilomita 19.2. Mahali kama hapo, magari yanapopita kilomita 70 au 80, kuweka tuta ni kuomba malori yagongane, na kumwambia mtoto avuke njia nane kwa miguu ni kumtoa kafara. Hapo ombeni daraja, na ombeni kwa masharti: liwe na mteremko, liwe na taa, liwe na paa kama inawezekana kwa ajili ya jua la mchana, na zaidi ya yote litue pale pale watu wanapovukia sasa, kituo cha daladala kikiwa mguuni pake. Daraja lililowekwa mita 300 kutoka kituoni watu hulipiga picha, hawalipandi.

Na handaki? Fupi tu. Handaki lina faida ambayo wengi hawaifikirii: mtu anahitaji mita mbili na nusu tu juu ya kichwa, si tano na nusu za lori, kwa hiyo unashuka kidogo kuliko unavyopanda daraja. Pale ambapo barabara au reli imejengwa juu ya tuta la udongo, unapita bila hata ngazi. Lakini kwenye ardhi tambarare ya pwani, handaki ni kisima. Maji ya mvua yatakaa humo, uchafu utafuata, na baada yake wale ambao hutaki kukutana nao gizani.

Mataa ya kuvukia

Mataa yanafaa kwenye barabara ya njia nne hadi sita iliyo katikati ya mji, yenye watu wengi wanaovuka kwa makundi. Kwenye barabara kama hiyo yanalishinda daraja kwa kila mtu isipokuwa dereva mwenye haraka. Yanahitaji mambo mawili ambayo lazima muyaulize kabla. Umeme ukikatika, yanatumia nini? Na anayebonyeza atasubiri muda gani? Akisubiri dakika moja na nusu, hatasubiri. Atatafuta upenyo, na taa itakuja kuwaka kijani wakati yeye ameshavuka, dereva aone inawaka kwa ajili ya hewa, kesho asiiheshimu. Nusu dakika ndiyo subira ya watu wengi.

Kuna la tatu. Saa za foleni, trafiki huyapuuza mataa na kuongoza kwa mkono, na mkono huo huyatazama magari. Anayevuka husahaulika. Kama makutano yenu ndivyo yalivyo, mataa peke yake hayatawasaidia saa mnayoyahitaji zaidi; ongezeni kisiwa.

Baiskeli na guta

Kwa wapanda baiskeli uchaguzi ni kati ya mstari wa rangi kando ya magari na njia iliyotengwa kwa kingo. Wadachi, waliopoteza zaidi ya watoto 400 barabarani mwaka 1971 pekee na wazazi wakaingia mitaani kudai barabara zibadilishwe, walifika kwenye kanuni rahisi: magari yakienda kilomita 30, baiskeli ichanganyike nayo, yakienda 50, itengwe. Naikubali kanuni hiyo hapa kwetu pia. Mstari wa rangi kwenye barabara ya kilomita 50 ni maegesho ya bajaji. Hukaa siku tatu bila kuvamiwa, basi.

Lakini kutenga tu hakutoshi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, Morogoro Road ilipata njia za baiskeli na za miguu zenye kingo, jambo zuri ambalo miji mingi ya Afrika haina. Nenda leo uone nani yuko humo: pikipiki zinazokwepa foleni, meza za biashara, gari lililoegeshwa "dakika mbili". Simlaumu mwenye meza. Anafuata wateja, na barabara haikumpangia mahali. Njia ya baiskeli inayopita sokoni bila kupanga eneo la wachuuzi pembeni imeshindwa kwenye karatasi kabla ya zege kumwagwa.

Na upana. Baiskeli ya Dar si ya mazoezi. Imebeba magunia ya mkaa, matenga ya kuku, madumu sita ya maji. Guta, lile la mizigo la magurudumu matatu, ndilo pana zaidi. Ombeni njia ya mita 2 angalau, na nguzo zake ziachane kiasi cha guta kupita na gari kushindwa. Pikipiki zitapita, ndiyo. Kwa hilo nguzo hazina dawa. Dawa ni tuta dogo kwenye kila mlango wa njia, na askari.

Njia ya baiskeli na ya miguu kuwa moja? Kijijini, ambako watu ni wachache, sawa. Mjini ni ugomvi wa kila siku kati ya mzee na kengele.

Kabla ya kuandika barua

Tazameni kwanza kama kuna dawa ya bei nafuu kuliko zote hizi. Mradi wa SARSAI wa Amend, shirika la usalama barabarani, ulioanzia Dar es Salaam na kupata tuzo ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, ulifanya mambo madogo karibu na shule: njia za miguu, matuta, vibao, nguzo, na mahali pengine kuhamisha tu lango la shule kutoka barabara kubwa kwenda kichochoro cha nyuma. Lango! Sisi tulibishana miezi kuhusu daraja na hakuna aliyefikiria lango.

Kisha jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya, za mitaa na za vijijini ni za TARURA. Kwa wenzetu wa Kenya, KeNHA inashika barabara kuu za taifa, KURA za mijini, KeRRA za vijijini. Barua ikipelekwa kusiko, itazunguka mwaka mzima. Ipitisheni kwa mtendaji wa mtaa na diwani, iwe na mihuri, na muiombe ofisi iseme kitu kimoja tu: ndiyo au hapana kwa ombi moja.

Ndani yake wekeni namba zenu wenyewe: magari hamsini mliyoyapima, watu waliovuka kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, wangapi kati yao watoto, na mahali hasa wanapovukia. Msichague kivuko kwenye karatasi. Tazameni majani yaliyokanyagwa kwenye kingo na vumbi lililopanda kwenye lami. Watu wameshawachorea ramani.

Barua yetu ya pili iliomba tuta moja la kuvukia, lenye kisiwa, mita 20 kutoka pale alipogongwa yule mtoto, kwa kuwa hapo ndipo kichochoro cha shule kinapotokea. Tumejengewa tuta, kisiwa bado. Nilirudi na kamba ile ile na saa ile ile. Magari yaliyokuwa yakimaliza mita 50 kwa sekunde 3 na ushee sasa yanatumia 6 hadi 7. Mvua ikinyesha, upande wa kushoto unajaa maji hadi kifundoni, maana bomba lililowekwa ni jembamba, na watoto wanalizunguka dimbwi kwa kushuka barabarani. Barua ya tatu inahusu bomba hilo.